Viti vya Sultani

Jumatatu, 4 Agosti

Kiti cha tatu nimekifumua. Kinyaa kitupu. Kwenye mfereji kati ya mgongo na kikalio nimetoa mifupa miwili ya kuku, kucha ya bandia nyekundu, kipande cha nsima, ugali wa huku, kilichogeuka jiwe, na kitu kingine ambacho sitakiandika. Gari la mamilioni. Nje linang'aa mpaka unaona meno yako. Ndani jalala.

Uchafu si wa Mai Chisale, kusema haki. Yeye kalinunua majuzi kwa bwana mkubwa fulani wa mjini. Mabwana wakubwa nawajua. Hawajawahi kula kuku bila kuniachia mifupa.

Sisi watu wa Bukavu tuliiita gari hii Sultani, na jina limenifuata mpaka hapa gereji, mtaa wa Area 25. Sedani ndefu, ya wenye nacho. Kila baada ya miaka kiwanda kinatoa kizazi kipya, na kila kizazi nimekiingiza mikono. Wengine wanaitambua Sultani kwa taa na injini. Mimi naitambua kwa mahali pa makalio. Hii ya leo ni kizazi cha nne. Ngozi yake nyeupe imepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na nusu yake ni plastiki. Wanatudanganya.

Mai Chisale anataka ngozi ya rangi ya divai. Anayekaa mbele pembeni yake ni mama yake mzee, magoti hayakubali kiti cha nyuma. Kila Ijumaa anampeleka hospitali Likuni. Ameniomba kiti cha mama kiwe imara kuliko vyote.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemaliza. Kazi safi. Siku ya kwanza mwezi huu sijamtukana mtu moyoni kabla ya saa nne.

Ila kiwanda nimekitukana. Ubavuni mwa viti vya mbele, upande wa mlango, walipitisha mshono mmoja tu, uzi mwembamba kama wa chandarua. Nilipougusa kwa wembe ulikatika wenyewe. Nilicheka peke yangu. Wazungu wamechoka. Ndicho kizazi cha nne hicho: injini za kusogeza kiti, waya za kupasha moto matako, halafu mshono wa mvivu. Ndani ya ubavu kuna kisanduku cheusi kimebanwa. Gari hizi zina visanduku kila mahali, nimekiacha. Kuna na kilebo kidogo cha Kiingereza. Kiingereza changu ni cha sokoni, sikukisoma. Nimekirudisha palepale kwa urembo.

Kisha nimepitisha mara mbili, kwa nailoni nene ya kushonea maturubai. Baba alikuwa akisema mshono wa ubavu ndio ndoa ya kiti, ukilegea pale nyumba nzima imevunjika. Cha yule mama mzee nimekiongezea mstari wa tatu.

Nestor, fundi wetu wa umeme, Mrundi, kaja mwishoni kuunganisha waya za chini. Mai Chisale kaja saa tisa. Kapitisha mkono ubavuni, kasema zikomo, asante, mara tatu. Gondwe, mwenye gereji, kasimama pembeni anatabasamu kama kwamba yeye ndiye aliyeshona. Mtu huyu hajashika sindano hata ya kutolea mwiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Dzaleka. Nimerudi nyumbani, kambi ya wakimbizi, kwa siku mbili. Vumbi mpaka kwenye ulimi. Foleni ya bomba imejipinda mpaka mlangoni kwetu, na watu wanatema mate pale ninapoanika nguo.

Barua ya Gondwe ndiyo inayonitoa humu. Inasema nina kazi mjini, na kwayo napewa ruhusa ya kulala Area 25 siku za kazi. Bila ile karatasi, mimi ni mtu wa foleni ya bomba. Sifa, binti yangu, kaniuliza leo kwa nini nazitukana gari zinazotulisha. Sikumjibu vizuri. Najijibu mwenyewe hapa.

Kizazi cha kwanza nilikiona nikiwa mtoto, karakana ya baba. Springi za chuma, na juu yake manyoya ya farasi yaliyobanwa kwa mpira. Mvua ikinyesha yalinuka zizi. Lilikuwa gari la mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa jasho. Jalada la viti lilikuwa nene, halikupasuka hata ungetaka.

Cha pili, mahameli. Rangi ya maharage. Mahameli hayasahau: sigara, pombe, marashi ya wanawake wasio wake zake, yote yalibaki mle. Mkurugenzi fulani. Nilikuwa nakisugua kwa brashi huku nimeziba pua.

Cha tatu, ngozi ya kweli, na viti vinavyosogea kwa kubonyeza. Vita vilikuwa vimeshaingia. Lililetwa na mtu mwenye bunduki, na halikuwa lake. Kiti cha nyuma kilikuwa na damu. Baba akasema shona, usiulize. Nikaosha sponji kwa jivu na sabuni. Maji yakatoka mekundu, halafu ya waridi, halafu ya njano. Nikatapika nyuma ya karakana, nikarudi nikashona.

Gari limekua, limenenepa, limepata akili. Anayekaa ndani ni yuleyule. Ndiyo maana nalitukana.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijui niandikeje.

Asubuhi limevutwa gari bovu. Sultani kizazi cha tano, jipya kabisa. Lori lililipiga ubavuni kwenye makutano. Dereva kavunjika mkono tu, yu hai. Gondwe kalinunua kwa ajili ya vipuri na anashangilia kama aliyeokota mbuzi. Mimi nimeliona, nikaanza kulidharau kama kawaida. Ngozi ya kubuni, haijawahi kumwona ng'ombe. Viti vina matundumatundu na feni chini yake, mkubwa asitoke jasho alipokalia. Nikaingia kupima.

Ubavuni mwa kiti cha dereva umening'inia mfuko mweupe wa kitambaa, umelegea kama utumbo wa mbuzi. Mshono umefunguka toka begani mpaka kiunoni. Ngozi haijachanika. Uzi tu ndio umekatika, wote, msafi. Uzi mwembamba.

Nikamwita Nestor. Kaja na koleo mkononi.

"Aa, Mama Sifa, njo mfuko ya hewa hiyo. Gari ikipigwa, inapasukia pale kwa mshono, inakinga mutu kwa mbavu."

Nikamwuliza kama mshono ule walidhoofisha makusudi.

"Njo makusudi. Ile uzi inapashwa kukatika. Ikikatala, mfuko inabakia mule ndani, haina kazi." Kisha akanitazama usoni. "Ya ule mama wa Likuni, ulishona na uzi gani?"

Nikamwonyesha bunda la nailoni. Akaweka koleo chini.

"Mi nilizani unayua. Si kilebo ulirudisha?"

Nimekaa juu ya tairi mpaka saa sita. Nimejinusa mikono.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejaribu. Vipande viwili vya ngozi, kimoja nimekishona kwa uzi mwembamba mstari mmoja, kingine kama nilivyoshona kile kiti. Nestor kavuta cha kwanza, kikaachia. Cha pili kakikanyaga kwa mguu akavuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakikuachia hata nukta.

Na mstari wa tatu nimemwekea nani? Yule mzee. Kwa upendo.

Najichukia. Miaka yote nacheka walivyoshona wenzangu, na mshono wangu bora ndio utakaomuua mtu. Nilifundishwa kwenye springi na manyoya ya farasi, nikadhani kiti ni kiti. Kumbe vizazi vimebadilika mimi nimesimama. Hata kuuliza sikuuliza. Kiburi kinanuka kuliko mahameli.

Saa kumi nimeingia kwa Gondwe. Kwanza kacheka, kasema viti vizuri vile nataka kuvibomoa kwa nini. Nikamwekea vipande mezani. Akaacha kucheka, akafunga mlango. Kasema gari likitoka getini limetoka. Kasema yeye akipiga simu leo, kesho mji mzima utajua kwamba gereji yake inaziba mifuko ya hewa. Kasema ajali ni kazi ya Mungu. Kisha kafungua droo, katoa nakala ya barua yangu ya ruhusa, kaiweka juu ya meza, kainyoosha kwa kidole. Nami nikatoka.

Mate yamenijaa mdomoni mpaka sasa. Mtu anampa Mungu kazi yake chafu aifanye.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Gondwe nina homa. Nimepanda basi dogo mpaka Likuni, nikasimama karibu na wanapoegesha gari za wagonjwa toka saa moja.

Saa tatu limekuja. Rangi ya divai inaonekana kioo kikiwa wazi, nzuri ajabu, ilinichefua. Yule mama mzee, gogo kwa lugha ya huku, yuko mbele, kitambaa cheupe kichwani, ubavu wake umeegemea mshono wangu.

Nimemfuata Mai Chisale. Chichewa changu kikanitoroka. Nimesema pepani mai, samahani mama, mpando woipa, kiti kibaya, kiti kibaya. Nimeonyesha mbavu zangu, nimeonyesha mlango, nimepiga makofi kama gari linalogongwa. Kaniangalia kama wanavyowaangalia walevi. Nikasema nataka kufumua nishone upya. Hapo akaelewa, yaani akaelewa vyake: fundi kaharibu makusudi ili alipwe mara mbili. Kasema nyie wa kambini ndivyo mlivyo. Kamwita mlinzi.

Mlinzi kanishika mkono wa gauni. Gogo ndani ya gari kanitambua mimi ndiye mshonaji. Akakipigapiga kiti kwa kiganja, akanichekea. Zikomo, zikomo kwambiri.

Nimetembea mpaka nikapoteza kituo.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda Dzaleka. Sikwenda kanisani. Nimelala nimeutazama ukuta.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna wa kunisoma. Nimetaka kuacha. Nimemwambia, hakusikia. Nimeitwa mwizi. Kwa nini nipoteze kazi kwa ajili ya mtu aliyeniitia mlinzi? Gari zinagongwa mara ngapi ubavuni? Labda kamwe. Labda yule mzee atakufa kitandani mwake, ameshiba, na kiti changu kitakaa miaka ishirini watu wakikisifu.

Nimeyasema haya kwa sauti chumbani. Ilikuwa sauti ya Gondwe. Nikatoka nje.

Mchana Nestor kapita na mfuko wa plastiki. Ndani mna jalada la kile kiti cha kizazi cha tano, lililopasuka. Kalikata bila ruhusa. Kasema, "Maneno ataikatala. Mupatie avute yeye mwenyewe." Akaenda zake, hakukaa hata kunywa maji.

Ijumaa, 22 Agosti

Homa tena. Gondwe kaniuliza ni homa gani ya kila Ijumaa. Sikujali.

Nimemsubiri nje, mbali na mlinzi. Mai Chisale aliponiona kabadilika uso. Sikumpa salamu ndefu. Nimemwekea mikononi vipande viwili vya ngozi, nikafanya ishara: vuta. Labda alitaka niondoke haraka, akavuta. Cha kwanza kikaachia kwa sauti kavu. Nikampa cha pili. Akavuta. Akavuta tena. Nikatandaza juu ya boneti lile jalada lililopasuka, nikaingiza mkono wangu mahali mfuko ulipotokea. Nikaonyesha kipande alichoshindwa kukichana. Nikaonyesha kiti cha mama yake.

Kaangalia ndani ya gari, gogo anasinzia, kinywa wazi kidogo.

"Ndinu?" kasema. Ni wewe?

Nikasema ndine. Ni mimi.

Nilidhani atanipiga. Ningekubali. Kaniandikia mahali anapokaa, kwenye mgongo wa kadi ya hospitali, na kaandika kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi, 23 Agosti

Nyumbani kwa Mai Chisale. Nestor kaja nami, siku yake ya mapumziko. Kakata umeme wa betri, kasubiri muda mrefu, ndipo akafungua viti vya mbele. Tumeviweka barazani juu ya mkeka.

Nimefumua. Mistari mitatu ya kiti cha gogo imenichukua saa nzima. Nailoni yangu ilikataa. Nilikuwa naichukia kila pingili, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, naona ilivyonyooka.

Uzi ule wa kiwanda sina. Nestor kaulizia mjini, hakuna. Kubahatisha ndiko kulikonifikisha hapa, kwa hiyo sikubahatisha. Nimekunja kingo, nimezipitishia uzi kila upande wake zisichanike, na mshono nikauacha wazi. Toka begani mpaka kiunoni. Viti vyote viwili vina mdomo ubavuni, na sponji inachungulia. Sijawahi kutoa kazi mbaya hivi. Mwanafunzi wangu angefanya hivi ningemfukuza.

Mai Chisale kazunguka mara mbili. Kasema imekuwa mbaya. Ni kweli. Hakusema zikomo, na sikuitegemea.

Gogo kaja na fimbo yake kukijaribu kiti. Kapapasa, kakuta uwazi, kafurahi. Kachukua leso yake ya pua akaisukumiza mle ndani, kapata mfuko wa kuwekea. Tukapiga kelele watu watatu kwa pamoja, hapana! Katutazama kama wendawazimu, kaichomoa leso polepole, karudisha kifuani. Nilicheka mpaka machozi. Kicheko cha kwanza tangu ile Jumatatu, na hakikudumu.

Jumatatu, 25 Agosti

Mai Chisale kampigia Gondwe simu jana. Anadai arudishiwe yote. Sikufikiria hilo. Nilivyo mjinga, nilidhani ukimwokoa mtu anakusaidia kunyamaza.

Gondwe hakufoka. Bora angefoka. Kaniita msaliti kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayesali. Kaniuliza nani alifungua viti. Nikasema mimi. Kaniuliza betri je. Nikasema mimi. Nestor alikuwa mlangoni, anaangalia viatu vyake. Nikamwacha aviangalie, ana watoto wanne.

Barua kaichana mara moja tu, katikati. Vipande kavitia kwenye ndoo ya mafuta machafu. Akafuta vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama kashika mavi.

Nimechukua mkasi wangu, wembe, na sindano zangu za kupinda. Mashine ni yake.

Alhamisi, 28 Agosti

Dzaleka. Ofisini wamesema bila barua hakuna ruhusa. Najua. Nimewaambia najua. Wakarudia.

Sifa hajanilaumu. Kanitengea nusu ya meza yake ya mandazi niweke nguo za kushona viraka. Majirani wananiletea chupi. Chupi hazijafuliwa. Nazirudisha.

Jumapili, 31 Agosti

Siku tulivu. Upepo umepungua.

Kuna kitu sikukiandika humu. Nilijua nikikiandika nitakisoma. Siku ile ya vipande viwili, kabla sijaingia kwa Gondwe, nilihesabu Sultani za kizazi cha nne nilizoshona tangu nianze kazi pale. Nilitaka iwe moja. Ni mbili.

Ya kwanza ni ya mwaka jana. Ya kijivu. Bwana mmoja mpole, aliharakisha, alisema ana safari ya Mzuzu, kaskazini. Viti vya mbele, ngozi nyeusi, mshono wa ubavu mara mbili kwa nailoni. Alikipigapiga kiti akasema imara. Jina lake silijui. Nestor kaangalia daftari la gereji kwa siri, kanitumia ujumbe asubuhi: limeandikwa "bwana wa Mzuzu" tu, na namba ya simu haipatikani.

Baada ya ibada nimeenda kukaa kando ya barabara kuu, pale gari za kaskazini zinapopita. Sifa kaniletea maji na mandazi, kauliza namngoja nani, nikasema napunga upepo. Akakaa nami kidogo, akaenda. Nimekaa mpaka kivuli changu kikawa kirefu.

Zimepita Sultani mbili. Moja nyeusi, moja nyeupe.